Haki Kati ya Jirani Mkubwa na Jirani Mdogo

Umoja wasifiwa na watu wote. Wazee wamefundisha tangu zamani kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na viongozi wa nchi maskini wamesema vivyo hivyo juu ya nchi zao. Lakini liko swali ambalo kila mtu yampasa kulipima kwa akili na dhamiri: wasiolingana kwa nguvu wakiungana, je, yatosha kuwapa wote sheria iliyo moja? Au haki yadai zaidi?

Kwanza ifahamike kwa nini nchi huungana. Kiwanda cha nguo au cha baiskeli hakiwezi kuishi kwa wanunuzi wachache. Mashine zake zina gharama kubwa, na gharama hiyo haipungui hata kama vitu vinavyouzwa ni haba. Nchi yenye wanunuzi wachache haiwezi kukitegemeza kiwanda cha namna hiyo peke yake. Basi nchi jirani hupatana kuondoa ushuru wa mipakani baina yao, na kutoza ushuru mmoja juu ya vitu vitokavyo nje. Hivyo masoko madogo mengi huwa soko moja kubwa. Jambo hili ni jema.

Ila kiwanda hujengwa mahali pamoja, na hapo ndipo taabu huanzia.

Mfano wake waonekana katika Afrika ya Mashariki. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na soko moja tangu wakati wa utawala wa Waingereza. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na katika miaka iliyofuata walowezi, mabenki na viwanda vilikusanyika huko Kenya. Mwenye kutaka kujenga kiwanda kipya alikwenda palipo na viwanda vingine, kwa maana huko alipata mafundi, njia na umeme. Hakuna aliyekatazwa kujenga Uganda au Tanganyika. Sheria ilikuwa sawa kwa wote. Lakini sheria hiyo sawa ilimwongezea yule aliyekuwa nacho. Mnunuzi wa Tanganyika alinunua kitu cha Nairobi, pengine kwa bei iliyopita ya kitu cha ng'ambo kabla hakijatozwa ushuru. Na Serikali yake ikaukosa ushuru ule. Hivyo maskini alichangia utajiri wa jirani yake.

Wakuu wa nchi waliiona kasoro hii. Tarehe 6 Juni 1967, mjini Kampala, Marais Jomo Kenyatta, Milton Obote na Julius Nyerere walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba huo haukufungua milango tu, bali uliweka na dawa mbili. Ya kwanza: nchi iliyouza kidogo kuliko ilivyonunua kwa wenzake iliruhusiwa kutoza kodi ya muda juu ya baadhi ya vitu vyao, ili viwanda vyake vichanga vipate kukua. Ya pili: ilianzishwa Benki ya Maendeleo, makao yake Kampala. Nchi zote tatu zilipaswa kutoa mtaji sawasawa. Lakini mikopo yake ilipangwa hivi: Tanzania asilimia 38.75, Uganda asilimia 38.75, na Kenya asilimia 22.5. Mwenye nguvu alitoa sawa na wenziwe, akakubali kupokea pungufu kuliko wao.

Mwaka uleule wa 1967 Baba Mtakatifu Paulo VI alifundisha, katika waraka wake Populorum Progressio, kwamba biashara huru peke yake haitoshi kuleta haki pale ambapo pande mbili hazilingani. Tena aliziona nchi maskini zilizo jirani kuwa zaweza kupanga pamoja kazi na biashara zao, ili zijiinue.

Mbona basi Jumuiya ile ilivunjika? Ugonjwa ulikuwa mzito na dawa nyepesi. Faida iliendelea kuelemea upande wa Kenya. Tanzania ilishika njia ya ujamaa, Kenya ikashika njia ya mali ya watu binafsi. Idi Amin alipotwaa utawala wa Uganda mwezi wa Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na baraza la marais halikukutana tena. Manung'uniko yakakosa mahali pa kusikilizwa. Mwaka 1977 Jumuiya ilikufa, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Je, kufunga mlango kulileta haki? Hapana. Kenya ilipoteza wanunuzi, na Tanzania haikupata utajiri kwa kufuli. Lakini Benki ile, iliyowapa wadogo fungu kubwa, haikufa; yaendelea na kazi hata leo.

Swali hili sasa limeifikia Kongo. Jumuiya ilizaliwa upya kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, nayo Kongo iliingia mwaka 2022. Katika masoko ya mashariki ya Kongo, vitu vingi vya viwandani hutoka kwa majirani, au hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Na madini mengi ya Kongo huondoka kabla ya kufanyiwa kazi ya mwisho. Milango ikifunguliwa tu, bila mpango wa mafungu, Kongo yaweza kubaki mnunuzi wa viwanda vya wengine. Nayo vita iliyoufikia mji wa Goma mwezi wa Januari 2025 yaonyesha kwamba sahihi za wakuu peke yake hazileti amani.

Hata hivyo uko mfano wa karibu. Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliungana na Rwanda na Burundi mwaka 1976 katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Pamoja zilijenga kituo cha umeme cha Ruzizi ya Pili, kilichoanza kazi mwaka 1989, nacho ni mali ya nchi zote tatu. Vita vilisimamisha mikutano ya Jumuiya ile kwa miaka mingi. Kituo kilibaki, kwa maana kila mmoja alikuwa na fungu lake ndani yake.

Basi jibu ni hili: sheria moja haitoshi. Mwenye nguvu ana deni, wala si sadaka, kwa kuwa sehemu ya faida yake yatoka mfukoni mwa jirani anayemnunulia. Hulilipa deni hilo akikubali kiwanda kijengwe na kwa jirani, fungu kubwa la mkopo liende kwake, na baraza likutane hasa siku za ugomvi. Mdogo naye ana wajibu: asiufanye udogo wake kuwa udhuru, bali fungu alilopewa alifanyie kazi kwa hesabu wazi, lisiliwe na wakubwa wachache.

Wajibu wafika pia kwa ofisa asimamaye mpakani. Mama avukaye na kikapu cha nyanya ana haki ya kupita kwa kulipa kile tu kilichoandikwa katika sheria. Kumdai zaidi ni wizi, hata kama anayedai amevaa nguo za Serikali.