Safari ya kutazama ardhi isimruke shangazi



Siku hizi si ajabu kumuona Muislamu wa mjini, mwenye gari na likizo ya wiki moja, akivuka mpaka peke yake. Nyumbani huaga kwamba anakwenda kuwasalimu ndugu. Njiani husimama penye mandhari nzuri, akapiga picha, akazituma, na watu wakamsifu. Swali la kujiuliza ni hili: Je, safari hiyo inaandikwa kuwa ibada, au ni matembezi tu yaliyovishwa kanzu ya kuunga udugu?

Kwanza tuondoe dhana kwamba dini inachukia matembezi. Allah (S.W.T.) katika Suratul-Ankabuut (29:20) anatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Na katika Suratur-Ruum (30:42) anatuamrisha tutembee tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kwa hiyo macho ya msafiri yamepewa kazi mbili: kutazama uumbaji na kutazama mwisho wa watu. Anayefanya ya kwanza akaiacha ya pili, ametazama nusu.

Tuchukue mfano wa njia ya kutoka Kaniha, kule Kagera ambako wilaya za Biharamulo na Ngara zinapakana, kwenda Rwanda. Ni njia ya kuvutia. Kuna vilima vya nyasi, migomba, na mapori ambayo sehemu yake tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ukipita Benaco unateremka hadi Rusumo. Hapo mto Kagera, ukiwa umeshapokea maji ya Ruvubu kutoka Burundi, unaporomoka kwenye miamba karibu na daraja lililozinduliwa mwaka 2016. Nguvu ya maji hayo leo inazalisha umeme wa megawati 80 unaogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hapana shaka, mwenye akili akisimama hapo atasema Subhaanallah.

Lakini tazama pia kwa jicho la pili. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka hapo hapo ndani ya saa 24 wakiingia Ngara. Wamo waliokimbia kuuawa, na wamo waliokuwa wameua. Mto ule ule tunaoupigia picha ulibeba maiti za wanaume, wanawake na watoto hadi Ziwa Victoria. Hawakuuawa na wageni kutoka mbali. Waliuawa na majirani, na wengine waliuawa na watu waliooleana nao. Huo ndio mwisho wa watu pale udugu unapokatwa. Basi anayesimama Rusumo akacheka mbele ya kamera bila hata kuwaza jambo hilo, aya ya Suratur-Ruum bado inamdai.

Sasa tuje kwenye udugu wenyewe. Mpaka ule umechorwa juu ya koo ambazo zilikuwa zikioleana kabla yake. Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni lugha za karibu mno. Isitoshe, mwaka 2013 Serikali ilipoendesha Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, miongoni mwa walioondolewa Kagera walikuwemo watu walioishi nchini miongo kadhaa, wameoa na kuolewa hapa. Mama akabaki ng'ambo hii, baba akawa ng'ambo ile. Mpaka huo ni halali kwa sheria za dunia na ni wajibu kuuheshimu. Lakini hakuna mpaka unaofuta haki ya damu.

Shangazi yangu anaishi upande wa pili, katika wilaya ya Kirehe. Nilipokwenda kumsalimu kutokea Kaniha alinionesha picha katika simu ya mwanawe. Kijana wa ukoo wetu amesimama Rusumo, maji yanaanguka nyuma yake. Picha ya pili yuko Kigali, juu ya ghorofa. Kutoka Rusumo hadi kwa shangazi hapafiki mwendo wa saa moja, na barabara ya Kigali inapita karibu na kwake. Shangazi hakulalamika. Alisema tu: "Baba, huyu alifika, lakini hakufika."

Ndugu zangu, maneno hayo ni mazito. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba anayependa kukunjuliwa riziki na kurefushiwa umri wake basi na aunge udugu. Na ametuonya kwamba mkata udugu haingii Peponi. Hakusema mkata udugu ni yule tu anayetukana jamaa zake. Anayepita mlangoni kwao akaelekea kwenye mandhari naye ajiangalie.

Ama kuhusu kusafiri peke yako, ipo hadithi katika Bukhari ambamo Mtume (s.a.w.) anatahadharisha juu ya mpanda mnyama kusafiri usiku akiwa peke yake. Wanachuoni wengi wameeleza kuwa sababu ni hatari na upweke. Wenyeji wa Biharamulo na Ngara wanaifahamu hekima hiyo. Ilikuwepo miaka ambayo mabasi yalipita mapori yale kwa kusindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Leo hali ni nafuu, lakini tahadhari haijafutwa. Pata mwenzi ukiweza. Usipompata, safiri mchana, na watu wajue uko wapi. Kumbuka pia kuwa ukivuka Rusumo unaacha kuendesha kushoto na kushika kulia. Kulinda nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu.

Na swala je? Msafiri ameruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne kuwa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, kwa masharti yake. Hata hivyo iko hatari ndogo pale mpakani. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na simu hujibadilisha yenyewe. Mtu akatazama simu akajiona ana muda tele. Jua halikurudi nyuma! Wakati wa swala unafuata jua, haufuati simu.

Kwa hiyo, Muislamu mwenye nia ya safari kama hii na apange hivi. Anuie kuunga udugu, na mandhari iwe ziada. Afike kwanza kwa jamaa, japo na kilo ya sukari, ndipo akatembee. Na akiweza awachukue watoto wa pale waende naye. Amtafute hasa yule jamaa aliyenyamaza, kwani Mtume (s.a.w.) amesema kuwa muungaji udugu wa kweli ni yule anayeunga kwa waliomkatia. Haja yake ikiisha, aharakishe kurudi kwa familia yake, kama tulivyofundishwa.

Maporomoko yatakuwepo mwaka ujao, Allah akipenda. Shangazi hatuna ahadi naye.

Wallaahu a'lam.