Haki ya Kiu

Sura ya Tabaraka, ambayo Waislamu wengi wa mwambao wetu huisoma kila usiku kabla ya kulala, ina aya thelathini, na aya yake ya mwisho si amri wala si kisa bali ni swali, linalowauliza watu ni nani atakayewaletea maji ya chemchemi iwapo yao yatadidimia ardhini. Sidhani kama mzee aliyekuwa akiisoma sura hiyo kwa nuru ya kibatari aliwahi kuwaza kwamba zitafika zama ambapo binadamu mwenyewe, kwa hiari yake na kwa gharama kubwa, atayachukua maji yaliyo juu ya ardhi na kuyashindilia chini mamia na maelfu ya mita, makusudi yabaki huko.

Walakini ndivyo uchimbaji wa mafuta ulivyo. Mafuta hayakai chini ya ardhi kama maji katika birika. Yamo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, yakibanwa na uzito wa tabaka zilizo juu yake, na kisima kinapotobolewa ni mgandamizo huo unaoyasukuma nje. Muda ukipita mgandamizo hulegea, ilhali sehemu kubwa ya mafuta ingali imenata mwambani. Hapo wahandisi hutoboa visima vingine kando, visivyotoa kitu bali vya kutilia tu, na kwa visima hivyo hushindilia maji ili yayafukuze mafuta kuelekea visima vya kutolea. Huko Bradford, katika jimbo la Pennsylvania, ambako ufundi huu ulianza kwa bahati tu, maji yalipovuja ndani ya visima vikuukuu na watu wakaona visima vya jirani vinaongeza mafuta, sheria ilikuwa imekataza maji kuingizwa katika mwamba wa mafuta, na haikulegezwa ila mwaka 1921. Katazo lile liliwekwa ili kuyahifadhi mafuta yasiharibiwe na maji. Kuyahifadhi maji yasipotezwe kwa ajili ya mafuta hakukuwa na aliyekufikiri.

Na insafu yataka tuseme kwamba si kila maji yanayozamishwa yana mtu wa kuyalilia. Saudia, tangu mwaka 1978, huyavuta maji ya bahari ya Ghuba pale Qurayyah, huyachuja, kisha huyapeleka jangwani kwa mabomba hadi uwanja mkubwa wa mafuta wa Ghawar, na hakuna mwenye kiu aliyenyang'anywa kata yake. Omani nako, katika uwanja wa Nimr, kila pipa moja la mafuta hupanda na takribani mapipa kumi ya maji ya chumvi yaliyokuwa humo humo mwambani. Mengi ya maji hayo siku hizi huachiliwa yapite polepole katika mashamba mapana ya matete, ambayo huyaondolea mafuta yaliyosalia, na ndege wanaohama wamepata kituo pasipokuwa na kituo. Hayo siyaoni kuwa na ubaya, na nisingeyaandikia makala.

Lokichar, kusini mwa kaunti ya Turkana, ni habari nyingine. Bahari iko mbali mno, mvua ni haba, na mito kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Apitaye katika mto wa namna hiyo wakati wa kiangazi huona shimo lililochimbwa mchangani, lenye kina cha kumpita mtu kimo, na ndani yake mwanamke au kijana amesimama miguu ikiwa matopeni, akikomba maji kwa kikombe mpaka chombo kijae, kisha akakipokeza kwa aliye juu yake, naye akampokeza mwingine, hadi yamwagwe katika hori la mti, ambapo mbuzi huletwa kundi baada ya kundi, hili likinywa na lile likizuiwa kwa fimbo. Watoto hukaa kando na madumu yao ya manjano wakingoja zamu. Shimo hilo lina wenyewe, nao ni wale waliotoka jasho kulichimba, na atakaye kunywesha mifugo yake hana budi kuomba. Lakini mpita njia mwenye kiu haombi mara mbili.

Mwezi wa Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alilitangazia taifa kwamba mafuta yamepatikana huko, katika kisima kilichopewa jina la Ngamia-1. Juni 2018 malori yakaanza kuyabeba hadi Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo. Mafuta yenyewe ni ya nta, yasiyotiririka mpaka yatiwe joto, na kuyatoa kwa wingi kwahitaji maji ya kushindilia. Basi katika mipango iliyoandaliwa na kampuni ya Tullow na washirika wake ilikusudiwa maji yavutwe kutoka bwawa la Turkwel, kwa bomba la takribani kilomita 90, yapite katika nchi ile ile ya mashimo ya mchangani mpaka visimani. Ikatajwa kadhalika kwamba sehemu ya maji hayo itawafaa wenyeji. Hapo ndipo lilipo suala langu, nalo si la hesabu: sehemu hiyo, kwa mizani ya dini na ya akili, ni haki au ni ihsani?

Mtume, rehema na amani zimshukie, amewafanya watu kuwa washirika katika vitu vitatu, navyo ni maji, malisho na moto. Majalla, ile kanuni iliyokusanywa na dola ya Uthmani katika karne ya kumi na tisa, ikayatia maneno hayo katika vifungu vya sheria. Pale Lokichar vyote vitatu vimekutana mahali pamoja, kwani maji yamekusudiwa kuingizwa chini ya malisho ili moto utoke. Mafakihi hawakuishia kwenye neno ushirika wakaliacha lielee. Walisema maji uliyoyateka katika chombo chako ni mali yako. Mto mkubwa ni wa wote. Na kisima kina mwenyewe, wa kwanza kukidhi haja zake, lakini ziada yake hana ruhusa kuizuia kwa mwanadamu anayetaka kunywa wala kwa mnyama wake. Hiyo ndiyo haki ya kiu, nayo hutangulia haki ya kunyweshea shamba, na shamba hutangulia mambo mengine yote. Mtu atauliza fiqhi hii yawahusu nini Waturkana, ambao wengi wao si Waislamu, na ambao tangu mababu zao wamemtazamia Akuj, Mungu wao, kuwa ndiye mleta mvua. Jawabu ni kwamba haki hiyo haikuambatanishwa na shahada. Mafakihi walimpa hata punda.

Iko mila nyingine, nayo ni vyema tuiweke kando ya hii tuzitazame pamoja. Huko Denison, Texas, kampuni ya reli ilichimba kisima kipana ikawa inavuta galoni 25,000 kwa siku kwa ajili ya treni zake za moshi, na kisima kidogo cha jirani mmoja, alichokitumia nyumbani mwake, kikakauka. Jirani akashitaki. Mwaka 1904 mahakama kuu ya jimbo ikahukumu kwamba mwenye ardhi aweza kuvuta maji yaliyo chini yake kadiri apendavyo, hata jirani akibaki mkavu, na msingi wa hukumu hiyo ungali unatawala katika jimbo hilo, ambako leo kisima kimoja cha kupasulia miamba humeza maelfu ya mita za ujazo za maji. Sisi tusiochukuliana na hukumu hiyo tusijione wema kwa sababu hiyo tu. Mwenye pampu kubwa kwetu pia hutangulia, ila kwetu humtangulia jirani kwa kimya, bila ya hukumu.

Muhandisi naye ana hoja, na anastahili kusikilizwa. Atasema kwamba kilimo cha umwagiliaji hutumia maji mengi kuliko mafuta, na kwamba sehemu ya maji yanayoshindiliwa hupanda tena pamoja na mafuta, yakarudishwa chini kufanya kazi ile ile. Ni kweli tupu. Lakini maji ya shambani hupanda mbinguni kuwa mvuke na huenda yakamnyea mtu mwingine kesho, hali maji ya mwambani yametolewa katika mzunguko wa viumbe, na watakaoyakosa ni watu ambao hawajazaliwa wala hawana wakili. Tena haki ya kiu haipimwi kwa asilimia. Mbuzi aliyezuiwa kwa fimbo hapunguziwi kiu kwa kuambiwa kwamba shamba la mbali limekunywa zaidi.

Madina palikuwa na kisima kikiitwa Ruma, na maji yake yakiuzwa. Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua kwa mali yake akakifanya wakfu, na sharti aliloliridhia ni kwamba ndoo yake yeye itakuwa sawa na ndoo za watu wengine. Nalitaja sharti hilo kwa sababu katika nchi za mafuta visima vya wenyeji aghalabu hufunguliwa kwa utepe, hotuba na kibao chenye jina la mfadhili, na mwanamke aliyekuja na dumu lake husimama juani mpaka shukrani zitolewe. Sadaka ni jambo jema kwa aliye nacho. Lakini kumpa mtu kilicho chake, kisha ukangoja akushukuru, ni kumdhulumu mara ya pili.

Wala Kenya haihitaji kungoja fatwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeyataja maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeyatanguliza matumizi ya nyumbani. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 nayo imegawa mapato ya serikali: asilimia 75 kwa taifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Hiyo asilimia 5 ni fedha, na fedha za namna hiyo hupita katika kamati nyingi kabla ya kugeuka kuwa bomba. Lau ningeulizwa na waandishi wa mikataba, ningeomba kifungu kimoja tu: kwamba pampu ya kushindilia isiwashwe siku ambayo mabomba ya vijiji vilivyo njiani hayatoi maji, na kwamba mita zote mbili, ya pampu na ya mabomba ya vijiji, zisomwe hadharani, mbele ya wazee wa mahali. Watasema kazi ya mafuta haiwezi kusimama kila bomba la kijiji linapoharibika. Basi na walitengeneze upesi.