Dhahabu Iliyodhaniwa Kuwa Shaba



Liko swali moja la zamani sana, lakini mtu akilisikia atadhani lilitungwa hapa kwetu Nyangoto. Ni hili. Mtu aleta sokoni kipande cha dhahabu, naye adhani ni shaba. Ataka kukiuza kwa dinari moja. Wewe umekitambua, wajua ya kuwa thamani yake ni dinari elfu. Je, utamwambia, "Ndugu yangu, hii ni dhahabu"? Au utatoa dinari yako moja, ukitwae, uende zako kimya?

Aliyeuliza swali hili hakuwa mtu wa Mara, wala hakuujua mgodi wa North Mara, ulioanza kutoa dhahabu hapa kwetu mwaka wa 2002. Alikuwa Mrumi, jina lake Marcus Tullius Cicero. Aliliandika mwaka wa 44 kabla ya Kristo, katika kitabu juu ya mambo yampasayo mtu, alichomwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athene. Wale waliosoma mchezo wa Shakespeare uitwao "Juliasi Kaizari", uliotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama mwaka wa 1963, wamekutana naye humo. Maana alikuwa mmoja wa wazee wa baraza la Rumi siku zile Kaisari alipouawa. Naye Cicero akauawa mwaka uliofuata.

Nataka tulitazame swali lake kwa sababu mbili. Kwanza, halikubaki kwa Warumi. Lilipita katika vyuo, na katika vitabu vya elimu ya mali, ile iitwayo siku hizi uchumi, na jibu lake moja likafika hata katika sheria ya nchi yetu. Pili, lilinikamata mimi mwenyewe, kama nitakavyoeleza mwisho.

Pamoja na mfano wa dhahabu Cicero aliandika mfano mwingine, ulio mrefu zaidi. Katika kisiwa cha Rodo palikuwa na njaa kuu. Mfanya biashara mmoja, mtu mwema, akaleta nafaka kwa merikebu kutoka Iskanderia. Njiani aliona merikebu nyingine nyingi zimejaa nafaka, nazo zaelekea Rodo. Watu wa Rodo hawajui. Akinyamaza, atauza kwa bei kubwa. Akisema, watu watangoja, na bei itashuka. Afanye nini?

Cicero asema ya kuwa wakuu wawili wa Wastoiko walibishana juu ya jambo hili. Wastoiko ni wale wenye hekima ambao Mtume Paulo alikutana nao Athene, kama tusomavyo katika Matendo 17. Mmoja aliitwa Diogenes wa Babeli. Wa pili aliitwa Antipater, mwanafunzi wake, mwenyeji wa Tarso, mji ule ule ambao Paulo alizaliwa zaidi ya miaka mia baadaye.

Diogenes alisema: Mwuzaji yampasa kutaja kasoro za mali yake kama sheria iagizavyo, wala asidanganye. Zaidi ya hayo, ana haki kuuza kwa bei aipatayo. "Nimeleta, nimetandaza, nauza. Nimemdhulumu nani?" Antipater akajibu: Wewe ni mwanadamu, nawe umezaliwa ili uwafae wanadamu. Faida yako ni faida ya wote, na faida ya wote ni yako. Wawezaje kuwaficha wenzako ya kuwa shibe i karibu nao? Diogenes akarudi akasema: Kuficha ni neno moja, na kutokusema ni neno jingine. Si kila jambo likufaalo kulisikia linanipasa mimi kulisema. Tena kama ujamaa wa wanadamu ni wa namna hiyo hata mtu asiwe na kitu chake mwenyewe, basi tusiuze kitu, tupeane bure.

Wasomaji, tusimdharau Diogenes upesi. Mfanya biashara yule alisafiri baharini, akahatirisha mali yake na maisha yake. Kama hana faida, mwaka mwingine wa njaa hatakuja, wala hapana atakayekuja. Hata sisi twajua hivi. Mtu akitoka Mugumu na lori la mahindi, akavuka Mto Mara katika matope, hatumwombi auze kwa bei ya shambani.

Lakini Cicero mwenyewe alihukumu ya kuwa mfanya biashara wa Rodo hakupaswa kuwaficha watu. Alikubali ya kuwa si kila kimya ni kuficha. Kuficha, alisema, ni pale utakapo kwa faida yako mwenyewe wasijue wale ambao kujua kungewafaa. Na mtu afanyaye hivyo si mtu mwema wala mnyofu, bali ni mjanja wa kuviziavizia.

Sasa tuone swali lilivyosafiri. Katika karne ya kumi na tatu Thomas Aquinas, mwalimu mkuu wa vyuo vya Kanisa la Rumi, aliliuliza tena, akajibu katikati: muuza nafaka asiposema ya kuwa wengine waja nyuma yake, hakuivunja haki, lakini akisema, au akipunguza bei, wema wake ni mkamilifu zaidi. Mwaka wa 1524 Martin Luther aliandika juu ya biashara, akaikataa kanuni ya wafanya biashara waliosema, Nina ruhusa kuuza mali yangu ghali kadiri niwezavyo. Alisema bei ipimwe kwa gharama, na kazi, na hatari aliyoipata mtu. Mwaka wa 1625 mwana sheria wa Uholanzi, Hugo Grotius, aliutaja mfano wa Rodo, akasema kasoro za kitu chenyewe lazima zitajwe, lakini habari za nje, kama merikebu zijazo, si lazima kwa haki.

Kisha akaja Adam Smith wa Uskoti, aitwaye na wengi baba wa elimu ya uchumi. Huyu kwanza alikuwa mwalimu wa maadili katika chuo cha Glasgow, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1759 alieleza mafundisho ya Wastoiko kwa urefu. Ndipo mwaka wa 1776 akatoa kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa. Humo aliwatetea wauza nafaka. Alisema mwuzaji apandishaye bei wakati wa upungufu ni kama nahodha awapunguziaye mabaharia chakula mapema, kisije kikaisha kabla ya kufika bandarini. Akasema hofu ya watu juu ya walanguzi wa nafaka yafanana na hofu yao juu ya wachawi. Sisi tuliokulia mahali ambapo hofu ya wachawi imewafukuza wajane makwao, twaelewa uzito wa mfano huo, na yafaa tujihadhari tusimpige mtu mawe kwa kuwa ana ghala tu.

Hata sheria ilikwenda njia ya Diogenes. Sheria ya Mikataba ya Uhindi, iliyotungwa na Waingereza mwaka wa 1872, ilitoa mfano huu: wafanya biashara wawili wafanya mapatano, mmoja anayo habari ya siri ya kubadilika kwa bei, ambayo mwenzake angaliijua angalisita. Hapaswi kumwambia. Sheria hiyo ilitumika Tanganyika zamani za utawala wa Waingereza. Nayo Sheria ya Mikataba ya mwaka wa 1961, itumikayo Tanzania Bara mpaka leo, ilifuata njia ile ile: kunyamaza peke yake si udanganyifu, isipokuwa hali ya mambo yamlazimu mtu kunena, au kimya chake ni sawa na kunena. Basi ukimnunulia mtu kitu kwa bei ndogo kwa kuwa hajui bei ya leo, yaelekea hakimu hatakuita.

Lakini sauti ya Antipater haikuzimika. Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo cha Edinburgh tangu mwaka wa 1949 hata 1952, katika mji ambao Adam Smith amezikwa, na miongoni mwa masomo yake yalikuwamo uchumi na falsafa ya maadili. Mwaka wa 1962 aliandika kijitabu juu ya Ujamaa. Sisemi aliyatoa mafundisho yake kwa Warumi; yeye mwenyewe alisema msingi wake ni jamaa ya Kiafrika. Lakini alifundisha ya kuwa jamaa hiyo isiishie katika kabila, wala katika taifa, bali iwakumbatie wanadamu wote. Hilo Mstoiko wa Tarso angalilielewa bila mkalimani.

Hata wenye elimu ya uchumi wenyewe wamerudi kulitazama jambo hili. Mwaka wa 1970 Mmarekani George Akerlof alionyesha, kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, ya kuwa mwuzaji akijua ubovu ambao mnunuzi hawezi kuujua, mnunuzi humshuku kila mwuzaji, hata wenye magari mazuri waondoa magari yao sokoni, na soko laweza kufa. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2001 pamoja na wenzake wawili. Hakunena habari za wema. Alinena habari za hasara. Lakini hasara ile ni ya wote, kama Antipater alivyosema juu ya faida.

Mimi naona hivi. Faida ina mizizi miwili, nayo yafaa itenganishwe. Iko faida itokayo katika kazi: kusafiri, kulima, kuhifadhi, kujifunza, kuhatirisha. Hiyo ni halali, na Diogenes na Smith waliitetea vema. Na iko faida itokayo katika upofu wa mwenzako tu, ambayo angefumbuliwa macho ingetoweka papo hapo. Mfanya biashara wa Rodo alikuwa nazo zote mbili katika gunia moja, ndiyo maana wenye hekima walibishana. Lakini mnunuzi wa dhahabu iliyodhaniwa kuwa shaba hakuleta kitu kutoka mbali, wala hakufanya kazi. Mali yake yote ni kutokujua kwa mwenziwe.

Sasa nitimize ahadi yangu. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alikuja nyumbani kwangu akiuza mtamba. Asubuhi ile rafiki yangu alikuwa amenipigia simu kutoka mnadani, akaniambia ya kuwa bei ya ng'ombe imepanda ghafula. Mzee akataja bei ya juma lililopita. Nilimkaribisha chai, tukaulizana habari za watoto na za mvua, nikalipa, sikusema neno. Sikumdanganya. Aliitaja bei mwenyewe, nami nikakubali. Ningalishtakiwa, ningalishinda.

Baadaye nilikuwa nikiwafundisha watoto wa kipaimara amri ya saba. Niliwaeleza ya kuwa kuiba si kuvunja mlango tu, hata mizani ya uongo ni wizi. Binti mmoja akainua mkono, akauliza, "Mchungaji, na mtu akijua bei halafu akanyamaza?" Nilimjibu kwa maneno mengi, lakini sikumjibu. Usiku ule nilimkumbuka mzee yule.

Nikaenda kwake na fedha iliyopungua, nikamweleza yote. Akaihesabu polepole, akaitia mfukoni. Kisha akaniuliza, "Siku ile ulikuwa umekwisha kujua?"

Nikasema, "Ndiyo, Mzee, nilijua."

Akasema, "Tena ukaninywesha chai."

Hakunena zaidi, wala hakunikasirikia. Alinisindikiza mpaka njiani, kama ilivyo desturi. Lakini tangu siku ile hakuja tena kuniuzia kitu, ingawa nimelipa deni lote. Ndipo nilipofahamu lile ambalo vitabu havikunifundisha. Bei nilikuwa nimeirudisha, lakini kile kimya kilikuwa kimekwisha kuuzwa, nacho hakirudishwi.

Ndugu zangu makatekista, mwalipeleke swali hili kwa watu wenu, kwa wauzao na kwa wanunuao. Msiwape jibu upesi. Waulizeni kwanza kama mnunuzi wa dhahabu aweza kumweleza mwuzaji jambo alilolifanya, uso kwa uso, kisha wakanywa chai pamoja. Akiweza, faida yake ni safi. Asipoweza, sheria na imwache aende zake, lakini yeye mwenyewe anajua alichonunua.