Ukigusa Mzinga Mmoja

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7

Jumapili iliyopita nilihubiri nikiwa na mzigo, na wengine mliniuliza baada ya ibada, "Pasta, kuna nini?" Acha niandike, ili hata waliokuwa safarini wasome.

Miaka miwili iliyopita mchungaji wetu alinipa kazi ya kuupanga mfuko wa msaada. Nimesomea biashara, kwa hiyo nilifurahi. Nikaleta daftari, risiti, na sheria moja niliyojivunia sana: asiyechanga miezi mitatu mfululizo hasaidiwi mpaka alipe anachodaiwa. Kamati ikapitisha, nanyi mkapiga makofi. Tangu siku hiyo mfuko haujakauka hata mara moja.

Mwezi uliopita, mama mmoja mjane wa kanisa letu, anayeishi upande wa Sagalla, aliingiliwa na ndovu usiku. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Wakala, wakakanyaga, wakaangusha na tangi la maji. Asubuhi akamtuma kijana wake kanisani. Karani akafungua daftari, akaona miezi minne mitupu, akamwambia sheria inavyosema. Karani hana kosa, alifanya nilivyomfundisha. Kijana akarudi mikono mitupu, na mama hakuonekana tena kwenye ibada.

Wiki tatu, na mimi sikugundua! Nilikuja kuambiwa na mama mboga sokoni, ambaye hata si wa kanisa letu. "Pasta, yule mama wenu alipata chakula?" Nilisimama pale na nyanya mkononi, nikakosa jibu.

Nikaenda. Aliniwekea kiti kivulini, akanipikia chai ya rangi, na hakulalamika hata kidogo. Alisema tu, "Pasta, niliona aibu kuja. Sina cha kuweka kwenye kikapu." Neno hilo linanichoma mpaka leo. Mtoto anaogopa nyumba ya Baba yake kwa sababu hana shilingi.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na mfuko pia. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa chakula kikigawanywa. Tazama mitume walivyofanya. Hawakusema hawa wana roho ya kunung'unika. Hawakuuliza wajane wale wamechanga nini. Waliita kusanyiko lote, wakaambiwa wachague watu saba. Na majina ya hao saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Yaani inaonekana kikapu walikabidhiwa watu wa upande uliokuwa ukilia! Darasani mimi sikufundishwa hivyo. Halafu mstari wa 7 unatuambia Neno likaenea na wanafunzi wakaongezeka sana. Sisi tunafunga na kukesha kwa ajili ya mstari wa 7, lakini ule wa kwanza hatutaki kuusikia.

Jirani wa yule mama ana ua wa mizinga ya nyuki. Wengi mnaujua ua wa namna hiyo, Sagalla upo tangu 2009. Mizinga inatundikwa kuzunguka shamba, kama mita kumi kumi, na waya unaiunganisha. Ndovu akisukuma waya ili apite, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na ndovu na ukubwa wake wote anageuza. (Katikati ya mizinga wanatundika vibao vya bandia visivyo na nyuki, ndovu asijue. Sitasema nani kati yetu ni kibao.) Mimi nilibaki kuutazama ule waya. Mzinga ambao ndovu hata hajaukaribia unasikia kwamba mwenzake ameguswa. Ni lile Paulo analosema juu ya viungo vya mwili, 1 Wakorintho 12:26. Wapendwa, mizinga tunayo, na asali tunayo. Waya ndio ulikatwa, na aliyeukata ni mimi.

Najua mtauliza: na mvivu je? Paulo amelisema, 2 Wathesalonike 3:10, lakini soma vizuri, anamsema asiyetaka kufanya kazi. Mama huyu analima. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 mvua zilitunyima misimu mitano mfululizo, na kila msimu yeye alipanda. Daftari haliwezi kumtofautisha asiyetaka na asiyeweza. Jirani anaweza.

Kwa hiyo kamati imekaa na sheria yangu imeondolewa. Kuanzia sasa habari za mhitaji zitaletwa na kiongozi wa ushirika wa nyumbani, na swali la kwanza litakuwa hali yake, si michango yake. Wajane wawili wameingia kwenye kamati. Michango inaendelea, tafadhali msiache. Nimepiga hesabu, mfuko utapungua, na siku ukikauka tutawatangazia waziwazi.

Nimemwomba mama msamaha, na ameniruhusu kusimulia haya bila kumtaja jina. Jumamosi hii tunakwenda kwake. Tutasafisha shamba, tutasimamisha tangi na kuchimba mashimo ya nguzo. Jirani yake amekubali kutuonyesha jinsi ya kutundika mizinga. Tunaondoka kanisani saa moja asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Njoo na jembe au panga na maji ya kunywa. Mwenye pikapu aniambie kufikia Ijumaa jioni.