Mimi na Nyumba ya Baba Yangu

Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu kimya. Kisha akatoka usiku na watu wachache, akazunguka kutazama kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea, hadi mnyama aliyempanda akakosa pa kupita. Wahubiri tunaipenda habari hii kwa sababu ya ujenzi unaofuata. Harambee nyingi zimefunguliwa kwa Nehemia. Wiki hii turudi nyuma, sura ya kwanza, alipokuwa bado Shushani, mnyweshaji wa mfalme, mtu wa ughaibuni mwenye kazi nzuri. Aliposikia habari za kwao alilia, akafunga, akaungama dhambi za Israeli. Hakuungama dhambi za wengine tu. Alijitaja mwenyewe pamoja na nyumba ya baba yake.

Nawawaza watoto wetu wa Kikuyu wanaorudi Eldoret. Waliondoka mapema 2008 juu ya malori, wakikimbia ghasia za baada ya uchaguzi, wengi baada ya kulala katika uwanja wa maonyesho au katika ua wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, ambako Askofu Cornelius Korir alipokea maelfu. Sasa ni watu wazima, na wanauliza shamba letu lilikuwa upande gani, guka alizikwa wapi. Wakifika Kiambaa wanakumbushwa waliochomwa ndani ya kanisa tarehe 1 Januari 2008, wengi wao wanawake na watoto. Yupo pia kijana wa Kikalenjin anayerudi kutoka Marekani, ambaye nyumbani kwao juma lile la Januari halitajwi kamwe. Naye pia anatafuta historia ya familia, hata kama hajajua.

Kila boma hapa lina mahali linapopenda kuanzia hadithi. Moja huanza na wazee waliochanga pesa baada ya uhuru, wakanunua shamba la mzungu aliyekuwa akiondoka, wakaliita Kiambaa kwa jina la kwao Kiambu. Ni kweli, walilipa. Jingine huanza 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipouawa kwa hila na watu wake wakasukumwa kwenye hifadhi. Miaka mitatu baadaye Makaburu wakaja na magari yao ya ng'ombe, na ardhi ikagawanywa kwa namba. Namba 64 ndiyo iliyozaa mji, Sikisti Foo ya wazee wetu. Hilo nalo ni kweli. (Uasin Gishu lenyewe ni jina la Wamaasai, na sijasikia mtu akiwauliza wao.) Kila mmoja huanzia pale nyumba ya baba yake ilipodhulumiwa, na humalizia kabla haijamdhulumu mtu.

Korir aliuelewa ugonjwa huo. Baada ya mapigano ya 1992, na tena baada ya 2008, hakukimbilia mkutano wa hadhara wa kukumbatiana mbele ya kamera. Kila upande ulikaa kwanza peke yake, ukamwaga uchungu wake na kujitazama. Wachache wakakutana, baadaye wengi, hatimaye ikatafutwa kazi ya pamoja, kama barabara au josho la ng'ombe. Aliyaandika hayo katika kitabu chake Amani Mashinani. Alifariki Oktoba 2017. Serikali ilikuwa na haraka zaidi. Operesheni Rudi Nyumbani ya Mei 2008 iliwarudisha wengi kabla majirani hawajazungumza.

Basi wewe unayerudi, kama bado una nyanya aliye hai, umwite shosho au kogo, kaa naye jikoni. Usianze na walichotufanyia. Muulize nani alikaa ng'ambo ya ua, walikopeshana nini, na siku ya moshi watu wa kwetu walikuwa wapi. Akinyamaza usimlazimishe, rudi kesho, na kilo ya sukari.

Wapo watakaokosa wa kumuuliza, kwa kuwa wazee wamekwenda na hatimiliki iliungua na nyumba. Katika orodha ya Nehemia wamo watu 642 walioshindwa kuonyesha nyumba ya baba zao wala ukoo wao. Waliandikwa pamoja na wengine waliorudi.

Somo la wiki: Nehemia 1 na 2, kisha sura ya 7 kwa wenye subira. Majina ni mengi. Yasomeni yote.