Adabu ya Kuomba kwa Ajili ya Elimu

Mtu aombaye chakula cha tumbo lake hahitaji hoja nyingi. Njaa yake ni hoja tosha. Aombaye kwa ajili ya elimu ya watu wengine ana mzigo mkubwa zaidi. Hana jeraha la kuonyesha wala mtoto aliaye mgongoni. Hata kitu anachokiombea hakionekani kupungua, maana maandishi yaliyosomwa na watu 1,000 hubaki vilevile kwa mtu wa 1,001. Basi msomaji huuliza, na ni haki yake kuuliza, kwa nini kitu kitolewacho bure kiombewe fedha. Na kama hapana budi kiombewe, mwombaji ana ruhusa ya kusema maneno gani.

Katika zama hizi za kompyuta swali hili limejaribiwa kwa kipimo kikubwa katika kamusi elezo iitwayo Wikipedia. Kazi hiyo ilianzishwa Marekani Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Yeyote huisoma bila malipo, na yeyote aweza kuiandika au kuisahihisha bila mshahara. Kiswahili nacho kina kamusi yake humo tangu 2003.

Kazi haijatimiza miaka miwili fedha ilipoleta fitina ya kwanza. Februari 2002 Sanger alitaja kwamba huenda matangazo ya biashara yangeuzwa ili kupata fedha. Waandishi wengi wa sehemu ya Kihispania hawakuvumilia. Walikuwa na malalamiko mengine pia, lakini hili lilikuwa zito. Wakajitenga, wakaanzisha Enciclopedia Libre, iliyopewa hifadhi na Chuo Kikuu cha Sevilla, Hispania. Ni vema kutazama walichokipigania. Hawakuwa wamedhulumiwa hata senti moja, maana tangu mwanzo hawakulipwa kitu. Walikataa jasho walilolitoa bure lisigeuzwe chambo cha muuza bidhaa. Matangazo hayo hayakuwekwa kamwe. Juni 2003 likaundwa Shirika la Wikimedia Foundation, lisilotafuta faida, na njia kuu iliyobaki ikawa kumwomba msomaji mwenyewe.

Njia hiyo ina heshima yake. Tajiri mmoja akitoa nusu ya fedha yote, iko siku atatamani ukurasa wake usafishwe. Na hata asiposema neno, mpokeaji atakuwa amekwisha kuinamisha kichwa. Lakini wafadhili wa kazi hii huhesabiwa kwa mamilioni, na wastani wa kipaji kimoja ni kama dola 11. Nani awezaye kuamuru kwa dola 11? Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: methali hii aghalabu husemwa ili kumfariji maskini, lakini hapa ina nguvu nyingine, kwa kuwa wingi wa mikono midogo umekuwa ngome ya uhuru wa waandishi.

Ubaya uliingia kwa mlango wa ufundi. Mwombaji wa zama hizi haongozwi na moyo wake peke yake, hupima. Maneno ya namna mbili hupelekwa kwa wasomaji wa makundi mawili, na yale yaliyoleta fedha nyingi hushinda. Kipimo hicho hakiulizi kama neno ni la kweli, huuliza kama limefungua mfuko. Aghalabu lifungualo mfuko upesi ni neno la hofu au la aibu. Msomaji akaambiwa kuwa wasomaji 98 katika 100 hawatoi, hugeuza macho pembeni. Akaambiwa uhuru wa kamusi unahitaji ulinzi wake, leo, saa hii. Mwaka 2020 maombi ya namna hiyo yaliwafikia hata wasomaji wa Uhindi, nchi ikiwa katika msiba wa korona.

Na hesabu ilikuwaje? Kufikia Juni 2022 shirika lilikuwa na mali ya zaidi ya dola milioni 230. Mbali na hiyo, palikuwa na mfuko wa akiba ya kudumu ulioanzishwa 2016 kwa nia ya kukusanya dola milioni 100 katika miaka 10. Ulifikia lengo 2021, kabla ya wakati wake.

Haki isemwe pande zote. Fedha hizo si wizi, wala akiba si dhambi. Mitambo bila mafundi ni chuma tu, na mafundi hula. Wanasheria nao hulipwa ili kurasa zisifutwe kwa amri ya wakubwa. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua hekima hii tangu zamani: shamba la minazi huwekwa wakfu ili msikiti usikose mafuta ya taa na mkeka. Hapana aliyeulaumu msikiti kwa kuwa na minazi. Lawama ingekuja kama msimamizi angesimama mlangoni kila Ijumaa akilia kwamba paa litaanguka, hali ghala limejaa nazi.

Wako watakaosema kwamba nia ni njema, mtu halazimishwi, na hofu kidogo haimuui msomaji. Hoja hii yaweza kupita kwa mtu aombaye mchele, kwa sababu akitia chumvi katika maneno yake, mchele hubaki mchele. Kwa mwenye kugawa elimu haipiti. Juu ya ukurasa yako maneno ya kuomba, na chini yake iko historia ya Timbuktu au maelezo ya ugonjwa wa malaria, na msomaji huyasoma yote kwa macho yale yale. Akifundishwa kwamba ya juu yametiwa chumvi, kwa nini ayaamini ya chini?

Novemba 2022 waandishi wa sehemu ya Kiingereza walijadiliana, wakayakataa maneno ya ombi yaliyokusudiwa kwa msimu ule, na shirika likayabadili. Watu wasiolipwa waliwazuia watu walipwao. Walikuwa na haki, maana ombi lilitolewa kwa jina lao, na aliyetoa usiku wake miaka 10 akisahihisha tarehe na majina ametoa kuliko mwenye dola 11.

Sasa limezuka jambo jingine. Tangu 2021 shirika huuza huduma ya upesi kwa makampuni makubwa, na Google ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza 2022. Ni haki avunaye kwa trekta alipe zaidi ya aokotaye kwa mkono, ingawa waliojitenga 2002 wangetaka kujua mnunuzi huyo atakuwa na sauti kiasi gani akizoea kulipa. Swali lao limekuwa la haraka zaidi kwa kuwa mitambo ya akili bandia huyasoma maandishi hayo na kumjibu mtu papo hapo, asifike kwenye ukurasa wenyewe. Mtu huyo hupata elimu asilione bakuli la mwombaji, wala asijue kuwa jibu lake liliandikwa na mtu asiyelipwa.