Mapatano ya Wawili kwa Gharama ya wa Tatu

Wapatanishi wamesifiwa na Bwana wetu mwenyewe, na kila Mkristo alijua hilo tangu siku za katekisimu. Mtu awazuiaye ndugu wawili wasipigane, akamwambia huyu apunguze madai yake na yule aridhike na alichopewa, afanya kazi njema. Lakini kuna patano la namna nyingine, ambalo kwa sura lafanana na hilo: wawili wamaliza ugomvi wao kwa kutoa kitu kisicho chao, bali cha mtu wa tatu ambaye hakuitwa barazani. Je, patano hilo nalo tuliite amani? Ili tusilijadili swali hili hewani, tutalipima kwa habari za taifa la Marekani, ambalo kwa miaka zaidi ya sabini lilifanya mapatano ya aina hiyo juu ya utumwa, moja baada ya jingine, na mwisho wake likaangukia vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hata 1865. Hesabu ya zamani yasema walikufa askari wapatao 620,000, nao wataalamu wa siku hizi waona hesabu hiyo ni ndogo.

Wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 ili kuandika Katiba walikuwa na haya. Katika maandiko yao yote hawakulitaja neno “mtumwa” hata mara moja. Hata hivyo waliandika mambo matatu ambayo kila mtu alijua maana yake: kwamba biashara ya kuleta watumwa kutoka ng’ambo isipigwe marufuku kabla ya mwaka 1808, kwamba “mtu” aliyefungwa na kazi katika jimbo moja akitorokea jingine arudishwe, na kwamba katika kuhesabu wakazi ili kugawa viti vya Bunge, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Mtumwa hakupiga kura, lakini mwili wake uliongeza viti vya wale waliommiliki. Mwenye kuona haya kulitaja jambo kwa jina lake amekwisha kulihukumu moyoni, na ndiyo maana hatuwezi kuwasamehe wajumbe wale kwa kusema eti hawakujua.

Wengi wao walitumaini kwamba utumwa utakufa wenyewe polepole. Kumbe mwaka 1793 Eli Whitney aliunda mashine ya kuchambua mbegu katika pamba, na kilimo cha pamba kikaenea Kusini kote kama moto wa kiangazi. Watumwa waliokuwa karibu 700,000 katika hesabu ya mwaka 1790 walikaribia 4,000,000 mwaka 1860, na wakati huo pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo nchi ile iliuza nje.

Wala sisi wa Afrika ya Mashariki hatukuwa mbali na jambo hili, kama wengine wanavyodhani. Neno “merikani”, ambalo bibi zetu walilitumia kwa ile nguo nyeupe ngumu, latokana na nchi ile. Pamba ililimwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, jimbo lisilokuwa na mtumwa hata mmoja, ikapakiwa na wafanya biashara wa Salem hata Unguja, na kutoka pwani ikabebwa vichwani na mabegani hata Tabora na Ujiji ili kununua pembe. Vita vilipoanza, merikani iliadimika katika soko la Unguja. Twalitaja hili kwa sababu watu wa Kaskazini walipenda kujiona wamenawa mikono. Hawakuwa na watumwa, ni kweli. Lakini faida ya watumwa ilikuwa mezani pao kila siku.

Basi kila nchi mpya ya magharibi ilipotaka kuingia katika muungano, ugomvi ulizuka: iingie na watumwa au bila watumwa? Mwaka 1820 walipatana kwamba Missouri iingie na watumwa, Maine iingie bila watumwa, na kwamba katika nchi nyingine zote zilizonunuliwa kwa Wafaransa, mstari wa digrii 36 na dakika 30 uwe mpaka. Thomas Jefferson, ambaye mwenyewe alikuwa na watumwa mamia katika maisha yake, alilifananisha shauri lile na kengele ya moto iliayo usiku. Baadaye, mwaka 1836, Baraza la Wawakilishi lilitunga kanuni ya kuyaweka kando maombi yote ya raia juu ya utumwa bila kuyasoma wala kuyajadili, na kanuni hiyo ilidumu hata 1844. Waliona dawa ya kelele ni kuziba masikio.

Patano la mwaka 1850 ndilo lipasalo kutazamwa kwa makini kuliko yote. Marekani ilikuwa imeishinda Meksiko vitani na kupata nchi kubwa mno. California ikaingia bila watumwa, na ili Kusini iridhike ikatungwa sheria kali juu ya watumwa watoro. Mtu mweusi aliyekamatwa Boston au Cincinnati na kudaiwa kuwa mtoro alipelekwa mbele ya mwamuzi wa serikali. Hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe, wala hakupewa baraza la wazee wa kusikiliza shauri lake. Mwamuzi akimrudisha utumwani alipokea ada ya dola 10. Akimwachilia, dola 5. Eti kwa sababu hati za kumrudisha zilikuwa na maandishi mengi zaidi! Na raia ye yote aliweza kuamriwa kusaidia katika kumkamata.

Hapo ndipo patano lilipofichua tabia yake. Kabla ya hapo mtu wa Kaskazini aliweza kusema, “Hayo ni mambo ya kwao.” Sasa aliamriwa kushika kamba. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba amri iliyo kinyume cha haki yafanana na jeuri kuliko sheria, na wakulima na mafundi ambao hawakupata kumsikia Thoma walilifahamu fundisho hilo siku walipomwona Anthony Burns akipelekwa bandarini Boston mwaka 1854 katikati ya askari wenye silaha, ili arudishwe Virginia, na umati mkubwa ukitazama njiani. Patano lililofanywa ili watu wautulize moyo ndilo lililowaamsha.

Mwaka huo huo Stephen Douglas, mjumbe wa Seneti kutoka Illinois, alileta dawa nyingine. Mstari wa mwaka 1820 ufutwe, na katika Kansas na Nebraska wakazi wenyewe waamue kwa kura. Neno tamu hilo, nasi tunaopiga kura katika nchi zetu twaelewa utamu wake. Lakini ni nani aliyepiga kura? Si yule ambaye shauri lilikuwa juu ya mwili wake. Abraham Lincoln alimjibu kwa maana hii: mtu ajitawalapo mwenyewe, huko ni kujitawala, lakini ajitawalapo na kumtawala mwingine pia bila ridhaa yake, huko kwaitwa udhalimu. Twakubaliana naye kabisa. Kura ni njia bora ya kuchagua waongozi na kugawa kodi. Haikupewa uwezo wa kuamua kama jirani ni mtu au si mtu. Na huko Kansas hata kura yenyewe haikuwa safi, kwani wanaume wenye bunduki walivuka mpaka kutoka Missouri ili kupiga kura mahali wasipokaa. Damu ikamwagika pande zote. John Brown, mpinga utumwa aliyesifiwa na wengi, aliongoza watu wake usiku wa Mei 1856 wakawatoa wanaume watano nyumbani mwao na kuwaua. Sisi hatumsifu kwa hilo.

Mwaka 1857 Mahakama Kuu nayo ilidhani yaweza kuumaliza ugomvi kwa hukumu moja. Katika shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa kuwa bwana wake alimkalisha katika nchi zisizoruhusu utumwa, Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba watu weusi hawawezi kuwa raia, kwamba watunga Katiba waliwaona kuwa hawana haki yo yote ambayo mzungu alilazimika kuiheshimu, na kwamba Bunge halina uwezo wa kukataza utumwa katika nchi zile mpya. Taney alikuwa Mkatoliki, Mkatoliki wa kwanza kukikalia kiti hicho. Watumwa wake mwenyewe alikuwa amewaacha huru zamani. Aweza mtu kuwa mwema nyumbani mwake na kuandika kwa kalamu ya serikali jambo liwaangamizalo mamilioni.

Yaliyofuata yajulikana. Lincoln alichaguliwa Novemba 1860 kwa kura zipatazo arobaini katika kila mia. South Carolina ilijitenga tarehe 20 Desemba, nyingine zikafuata, na Mississippi katika tamko lake la kujitenga ilikiri waziwazi kwamba sababu ni utumwa. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ilianza kuipiga ngome ya Sumter.

Wako wasemao kwamba walioleta vita ni wapinga utumwa waliopiga kelele. Wangalinyamaza, mambo yangalitengenea kwa wakati wake. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana vita ni balaa na mwenye kuviona chepesi hajaviona. Tena siyo kweli kwamba hapakuwa na njia ya amani. Uingereza ilikomesha utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ikawalipa mabwana pauni milioni 20. Twachukia kuona fidia ikienda kwa bwana, na mtumwa asipewe hata senti. Hata hivyo tazameni tofauti. Waingereza walitoa fedha yao wenyewe, na mtumwa akatoka kifungoni. Lincoln naye mwaka 1862 aliyasihi majimbo ya mpakani yakubali kuwaacha huru watumwa polepole kwa malipo ya serikali. Wajumbe wao wengi wakakataa. Patano lililowezekana, basi, ni lile ambalo kila upande ungetoa kilicho chake, huyu fedha na yule ufahari wake. Yale ya 1787, 1820 na 1850 kila upande ulimtoa mtu mweusi, na kwa kuwa mdai wa kweli hakuwamo katika hesabu, deni halikulipwa hata siku moja. Liliahirishwa tu, nalo likazaa riba. Aliyepiga kelele hakulianzisha deni hilo. Alilisoma kwa sauti.

Na Kanisa lilikuwa wapi? Wamethodisti waligawanyika mwaka 1844 kwa sababu ya askofu wao mmoja aliyekuwa na watumwa. Wabaptisti mwaka 1845. Sisi Wakatoliki hatukugawanyika, na mara nyingi tumejisifia umoja huo. Yafaa kuuliza ulinunuliwa kwa bei gani. Baba Mtakatifu Gregori XVI alitoa barua mwaka 1839 akilaani biashara ya watumwa kwa maneno makali, akiwakataza Wakristo kuwafanya watu weusi watumwa wala kuwatetea wafanyao hivyo. Askofu John England wa Charleston akaandika mfululizo wa barua kumwonyesha waziri wa serikali kwamba Papa alikusudia biashara ya baharini tu, si utumwa wa nyumbani. Francis Patrick Kenrick, ambaye kitabu chake cha maadili kilisomwa katika seminari, alisikitikia hali ya watumwa lakini akafundisha kwamba sheria zilizopo zishikwe. Hofu yao twaifahamu: Wakatoliki walikuwa wachache na wenye kuchukiwa, nyumba ya watawa ilichomwa karibu na Boston mwaka 1834, na makanisa Philadelphia mwaka 1844. Lakini mtumwa naye alikuwa na hofu yake. Gazeti la kila juma la Wakatoliki wa Cincinnati, ambalo mhariri wake alikuwa Padre Edward Purcell, ndugu wa Askofu Mkuu, lilitetea waziwazi kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1863, vita vikiwa katika mwaka wa tatu. Sisi tushikao kalamu ya namna ile ile twaupima mwaka huo kwa uzito wake.

Mwaka 1838, kabla ya barua ya Papa, Wajesuiti wa Maryland walikuwa wamepatana kuuza watu 272, wazee kwa watoto, wote mali ya mashamba ya shirika, kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha hiyo ikaenda kulipa madeni ya chuo cha Georgetown. Mkuu wa shirika kule Roma alikuwa ameagiza kwamba jamaa wasitenganishwe na kwamba wapate nafasi ya kushika dini yao. Maagizo hayo hayakushikwa. Walipelekwa Louisiana kwa meli. Tarehe 18 Aprili 2017, katika ibada iliyofanyika Georgetown, Wajesuiti waliwaomba msamaha wazao wa watu wale. Wengi wa wazao hao ni Wakatoliki hata leo.